Gurudumu la tatu: jinsi ya kukitoa kiti mwendo kwenye lami mpaka Hombolo

Mbukwenyi wandugu. Mi ni fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha ndo mkate wangu hapa Chang'ombe Dodoma, haya mambo ya viti mwendo nimeingizwa na binamu yangu. Yeye anatumia kile kiti cha kawaida cha kukunja, magurudumu mawili makubwa nyuma na vigurudumu viwili mbele, na kwenye lami anakimbia vizuri tu wala hahitaji mtu. Shida ni ukitoka lami hata mita 10. Kabla ya ajali alikuwa mtu wa kuvua samaki, bwawa la Hombolo alikuwa haliachi mwezi upite, sasa ikawa watu wanamletea perege nyumbani na pole juu. Siku moja akaniambia we si fundi, basi nitoe hapa.

Na hapo ndo nikagundua kwamba sisi tukisikia kiti mwendo tunawaza hospitali, kanisani, msikitini, ofisini kufuata barua. Hatuwazi kwamba mtu anataka tu kwenda kukaa chini ya mbuyu apigwe na upepo. Sheria zipo, ile ya watu wenye ulemavu ni ya 2010, na mkataba wa Umoja wa Mataifa Tanzania iliridhia 2009, ibara ya 30 inataja kabisa burudani, mapumziko na michezo, ila karatasi haipandi jiwe. Jiwe linapandwa na gurudumu kubwa, ndo maana huu mwongozo wote nazungumzia gurudumu moja, la kufunga mbele ya kiti ambacho mtu tayari anacho, akirudi mjini analifungua hilo gurudumu anaendelea na maisha. Kutengeneza kiti kizima ni kazi nyingine, mi sikushauri uanzie huko.

Hatua ya 1: nenda njia yenyewe kwanza, bila chuma chochote

Usikate bomba hata moja kabla hujaenda. Chukua tepu, pima maji, na ubao ulionyooka wa mita moja. Kwenye kila mpando unalaza ubao, unainua ncha ya chini mpaka pima maji ikae sawa, alafu unapima ile nafasi chini ya ubao. Ikiwa sentimita 8 hivi hapo ni 1 kwa 12, ndo kipimo cha rampu ambacho mtu mwenye mikono ya kawaida anapanda mwenyewe. Ikifika 12 au 13 andika, hapo atahitaji mtu nyuma. Laza pia ubao kukata njia, kushoto kwenda kulia, maana njia iliyolala upande inachosha kuliko mpando, mkono mmoja unasukuma mwingine unashika, zaidi ya sentimita 2 kwa mita utamsikia analalamika.

Upana uwe sentimita 90 angalau, pa kugeuzia mita moja na nusu. Pima mawe makubwa kuliko yote unayoshindwa kuyakwepa. Angalia mchanga unaanzia wapi unaishia wapi. Njia yetu ilikuwa na korongo moja kavu la mchanga mlaini, mita kama 30, na hilo korongo ndo lililoamua aina ya tairi nitakalotumia, kwaiyo usilidharau. Na nenda kiangazi, kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua ikishika ile mbuga ya udongo mweusi inageuka gundi, hata guta halipiti.

Nenda na mwenye kiti mwenyewe kama inawezekana, hata kwa bajaji mpaka inapoishia. Mi safari ya kwanza nilienda peke yangu nikarudi na picha nikijiona nimemaliza, binamu akaniuliza kivuli kiko upande gani saa 8 mchana. Sikuwa najua.

Hatua ya 2: kiti alichonacho kinamtosha?

Ukifunga gurudumu zuri kwenye kiti kibaya unampeleka mtu kwenye kidonda kwa mwendo kasi. Akae, angalia upana: nyonga zijae kwenye kiti, isizidi nafasi ya vidole viwili jumla. Kina cha kiti kiishie sentimita 3 mpaka 6 kabla ya nyuma ya goti. Kikanyagio kibebe mguu, paja lilale sawa kwenye mto, goti lisiinuke likamsukuma uzito wote urudi makalioni. Mkono ukiwa juu kabisa ya ringi ya kusukumia, kiwiko kifunguke kidogo kupita pembe mraba, sio mkono umenyooka wala umebanwa kwapani.

Alafu mto. Kwa mtu asiyesikia makalioni hiki ndo kifaa namba moja, gurudumu ni namba mbili. Kuna kipimo cha mkono, muombe ruhusa kwanza maana ni mwili wake: aegemee pembeni, ingiza ncha za vidole chini ya mfupa wa kukalia, arudi akae vizuri. Kama vidole bado vinacheza juu chini nusu sentimita, salama. Kama havichezi ila unaweza kuvichomoa, tahadhari. Kama vimebanwa havitoki, usiende safari na mto huo, kidonda cha mgandamizo kinaweza kukulaza miezi. Kwa mambo ya mkao fuata mtu wa fiziotherapia, na mafundi waliosomea viungo bandia na viti mwendo nchini wengi wametokea chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC Moshi, ukimpata mmoja muulize usione aibu, mi ni fundi wa mageti nimejifunza kwa kuuliza.

Hatua ya 3: mjue adui yako

Adui ni kile kigurudumu cha mbele. Kina kipenyo cha sentimita 20. Kikikutana na jiwe la sentimita 5 lazima kipande robo ya kimo chake, ni kama we kuambiwa upande ngazi inayokufika gotini kila hatua. Nikapiga hesabu: kama vile vya mbele vimebeba kilo 20, basi kupanda hilo jiwe bila kuchukua kasi unahitaji kusukuma kwa nguvu ya kama kilo 35. Gurudumu la sentimita 40, mzigo uleule, linataka kama kilo 18 tu. Nusu.

Na kuna faida nyingine ambayo mi sikuitegemea. Ukiliweka gurudumu mbele zaidi linabeba uzito kidogo zaidi, ni kama watu wawili wamebeba mtungi kwenye mti, aliye mbali na mtungi anapumua. Binamu na kiti chake ni kilo 85, mbele palikuwa pamebeba kilo 20, baada ya gurudumu jipya pakabaki kilo 7 na ushee. Sasa hilo jiwe la sentimita 5 linapandwa kwa nguvu ya kama kilo 7. Kutoka 35 mpaka 7, bila mota, bila betri.

Wala sio akili yangu. Wakina Ralf Hotchkiss, injinia Mmarekani ambaye mwenyewe anatumia kiti, walishafika huko miaka mingi na viti vyao vyenye umbali mrefu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na vigurudumu vipana vya mpira vinavyoitwa gurudumu la Zimbabwe, kwa sababu vilibuniwa huko. Na Amos Winter wa chuo cha MIT kule Marekani alikuja hapahapa Tanzania 2005 kuangalia watu wanavyohangaika na viti, baadae akatoka na kiti cha kuendesha kwa levya mbili, yaani fito za kusukuma kwa mikono, na vipuri vya baiskeli, ukishika levya juu unapata nguvu ya kupanda, ukishika chini unapata mwendo. Kizuri sana kile, ila mi nilikuwa na wiki mbili na mashine ya kuchomelea.

Hatua ya 4: vifaa

Tafuta baiskeli mbovu ya mtoto kwa wauza skrepa. Unachotaka pale ni shingo yake pamoja na foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, na beringi zake, hiyo ndo sehemu ngumu na tayari imeshatengenezwa kiwandani, usijitie kuunda shingo yako kwa bomba na grisi, itacheza. Gurudumu: kama njia yako ni mawe na ardhi ngumu, lile la baiskeli ya mtoto ya inchi 16 linatosha na ni jepesi. Kama kuna mchanga, chukua gurudumu la toroli la zege, lile la upepo, kipenyo ni kama sentimita 40 hivyohivyo lakini upana unakaribia sentimita 10, halizami. Sisi tulichukua la toroli kwa sababu ya korongo. Ubaya wake ni zito alafu haliingii kwenye foku ya mtoto, kwaiyo nilikata miguu ya foku nikabakiza kichwa, nikachomelea miguu mipya ya chuma bapa cha milimita 5.

Mengine: raundi paipu ya inchi moja unene milimita 2 kama mita 2, yubolti nne (bolti zilizopinda kama herufi U) za kubana bomba la kiti, nati zile zenye plastiki ndani zisizolegea na mtikisiko, mpira wa tyubu chakavu, rangi. Usitumie bomba la milimita 1 kwa sababu ni rahisi, kwenye maungio litapasuka na litapasuka mkiwa mbali na nyumbani.

Hatua ya 5: kuchomelea, na hapa taratibu

Kwanza foku. Kwenye baiskeli foku imepinda kwenda mbele, wewe igeuze iangalie nyuma, ili mahali tairi linapogusa ardhi pawe nyuma ya mstari wa shingo. Hapo gurudumu litafuata lenyewe kama la kwenye toroli za supamaketi. Mimi nimeweka sentimita 7 toka mstari wa shingo mpaka katikati ya ekseli. Ukiweka 2 au 3 litatetemeka kama lina homa ukishuka mteremko, ukiweka nyingi sana linahitaji nafasi kubwa ya kuzunguka na utaona kwanini hiyo ni shida.

Maana gurudumu linazunguka duara zima. Nusu kipenyo sentimita 20 ukijumlisha zile 7 ni 27, kwaiyo toka shingo mpaka kwenye ncha ya vidole vya miguu lazima kuwe na sentimita 30, akiwa amevaa viatu vyake vya safari sio ndala. Nilipima na ndala. Buti zikagusa tairi siku ya kwanza, na mtu asiyesikia miguuni hatakwambia inagusa, utaona tu soli imelika. Nikakata nikarudia.

Pili, kimo. Lengo ni vile vigurudumu vya zamani vining'inie hewani, lakini kidogo tu, sentimita 3. Weka kila kimoja juu ya kibao cha sentimita 3, fungia breki, mkalishe mwenyewe au weka mzigo wake, na kiti kikiwa kwenye mkao huo ndo unashika shingo isimame wima kabisa kwa pima maji, mbele nyuma na kushoto kulia, unagusa kwa nukta mbili tu za moto. Kama ulimkalisha mwenyewe, atoke na mzigo ukae badala yake kabla hujawasha mashine, tafadhali, na mto utoe. Ukiiacha shingo imelala hata kidogo upande, kiti kitavuta upande huo safari nzima na mkono mmoja utakufa.

Tatu, mkono wenyewe. Bomba mbili zinatoka kwenye fremu ya kiti karibu na kikanyagio, moja kila upande, zinakutana kwenye shingo kama herufi V, na moja ya kukaza katikati. Usibane kwenye kikanyagio chenyewe maana vile vya kuchomoa huwa vinacheza, bana kwenye bomba la fremu. Chini ya kila yubolti zungushia mpira wa tyubu, inabana bila kula rangi na haitelezi. Juu ya hapo weka mkanda wa akiba, mpira wa kufungia mzigo kwenye boda unatosha, ili yubolti ikilegea mkono usidondoke ghafla ukachimba ardhi mtu akaruka mbele.

Mwisho, kata washa mbili (pete bapa) za mpira wa tyubu uziweke kwenye shingo, zinaleta ugumu kidogo, gurudumu linaacha ule mtetemo.

Hatua ya 6: asianguke chali

Hii nimeijua kwa aibu. Toleo la kwanza niliinua mbele sentimita 5, nikaona sifa, vigurudumu viko juu kabisa. Binamu akapanda kampando kadogo karibu na karakana, wala sio kali, akasukuma kwa nguvu mara moja, akaenda chali. Kichwa hakikugonga kwa sababu aliviringika kwa uzoefu, alafu akalala pale anacheka na mimi ndo nilikuwa natetemeka.

Kinachotokea ni kwamba uzito wa mtu kwenye kiti cha kawaida uko sentimita kama 10 tu mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiinua mbele unaurudisha nyuma, sentimita 5 za kuinua zinakula karibu sentimita 4 za hizo 10. Gurudumu refu la mbele halikusaidii hata kidogo hapo, linazuia kuanguka kifudifudi, sio chali. Ndo maana nasema sentimita 3 na sio zaidi, na kama kiti chako ekseli inahamishika, irudishe nyuma matundu moja au mawili. Alafu chomelea vizuizi: bomba mbili zinatoka nyuma ya kiti sentimita 20 kupita ekseli, mwishoni vigurudumu vidogo, viwe sentimita 4 juu ya ardhi. Zifanye za kugeuka juu kwa pini, la sivyo msaidizi akitaka kukushusha ngazi zitakwama.

Hatua ya 7: miiba

Dodoma hujui miiba mpaka uwe na tairi. Migunga inaacha miiba chini kama misumari. Dawa ya mafundi baiskeli wetu ni ileile: chukua tairi kuukuu, kata zile kingo zenye waya ubaki na mkanda wa katikati, upige msasa pembeni zisikate tyubu, uuweke ndani ya tairi zima. Fanya kwa magurudumu yote matatu. Beba pampu, viraka na gundi.

Kwenye mchanga toa upepo kidogo mpaka tairi lilegee ukilibonyeza na dole gumba. Ila sikiliza, breki za kiti mwendo zinashika kwa kubana tairi, ukitoa upepo tairi linasinyaa na breki inaacha kushika. Kwenye ukingo wa bwawa hilo ni jambo zito sana. Sogeza breki upya ikaribie tairi, na bado weka mawe mawili kwenye matairi upande wa mteremko.

Hatua ya 8: jaribu na mchanga kabla ya mtu

Ndoo ya lita 20 ya mchanga mkavu ni kama kilo 30. Mbili unazifunga kwenye kiti, unazunguka nazo mtaani, watoto watakufuata watacheka waache. Pandisha jiwe, shusha, pitisha kwenye mtaro, rudi angalia maungio kama kuna ufa kwenye rangi. Alafu kaa wewe mwenyewe nusu saa. Ndo aingie mwenye kiti, lami kwanza, kisha changarawe, kisha mchanga. Kukata mteremko kwa upande usijaribu, kiti cha magurudumu matatu kinaangukia kwenye kona ya mbele, shuka moja kwa moja.

Siku yenyewe

Hombolo ni kama kilometa 40 toka mjini. Tuliondoka alfajiri. Ringi ya kusukumia ikipigwa na jua la saa 6 inaunguza, zungushia mpira wa tyubu au vaa glovu. Kama ameumia uti wa mgongo sehemu za juu, mwili wake hautoi jasho vizuri chini ya pale alipoumia, anaweza kupandwa na joto we ukiwa unaona hali ya kawaida, kwaiyo maji ya kunywa na maji ya kumwagia shingoni na mikononi, na kila nusu saa aegemee huku na huku kupumzisha makalio. Mambo ya choo yapangeni mapema mkiwa nyumbani, turubai na fito nne zinatosha, usisubiri mtu mzima akuombe.

Kwenye korongo alisukuma mita 12 mwenyewe. Zilizobaki tulivuta kwa kamba, na kamba tunaifunga kwenye ule mkono wa V, chini, karibu na shingo. Ukifunga kwenye mgongo wa kiti unamwangusha.

Sehemu ambazo hiki kifaa hakifiki ni miamba ya kupanda kweli. Michoro ya Kolo kule Kondoa, ile iliyoingia urithi wa dunia 2006, binamu ameshaanza kuitaja, na pale gurudumu la tatu halina kazi. Kunatakiwa kiti cha gurudumu moja katikati na mipini mbele na nyuma, watu wawili au zaidi wanabeba wanapokezana, Wafaransa wanakiita joëlette, kimebuniwa 1987 na Joël Claudel na kimeshapandisha watu Kilimanjaro. Nikikitengeneza nitaandika.

Mkirudi, osha mchanga, fungua shingo utie grisi mpya, kaza kila nati. Kwetu ya kwanza kulegea ilikuwa yubolti ya kushoto, sijui kwanini ni ya kushoto, na kwenye begi la uvuvi sasa kuna spana namba 13 inakaa pamoja na ndoano.